Mama anakuja kutoka Moshi: Marienkirche ya Lübeck tuitazameje?

*Swali: Nasomea uuguzi Hamburg, huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwezi ujao mama yangu mzazi anakuja kunitembelea kutoka Moshi. Ni Mlutheri wa siku zote, ameimba kwaya tangu usichana wake. Nataka nimpeleke Lübeck kwa siku moja akaone mji mkongwe na lile kanisa la Marienkirche. Mimi niliwahi kuingia na wenzangu, tukapiga picha, baada ya dakika kumi tukatoka, na kwa kweli sikuelewa nilichokiona. Magoti ya mama yanamsumbua. Nimwoneshe nini, nimweleze nini, na ataweza?*

Mama akifika nifikishie shikamoo zangu. Ataweza, dada, wala usiwe na wasiwasi. Karibu kila kitu chenye maana katika kanisa lile kinaonekana ukiwa chini, na mabenchi yapo tele. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, zaidi yale ya mawe ya matumbawe ya pwani yetu, na Lübeck nimekwenda zaidi ya mara moja kwa sababu ya matofali yake. Kwa hiyo nitakujibu kama fundi anavyomjibu mtu anayeingia kwenye nyumba ya fundi mwenzake.

Jambo la kwanza, na kama utasahau yote mengine lishike hili: mkiingia, kaeni. Chagueni benchi katikati ya ukumbi mkubwa, mbali kidogo na madhabahu, simu iwe mkobani. Kaeni robo saa nzima. Wageni wengi hufanya kama mlivyofanya ninyi, wanatafuta kitu cha kupiga picha, kumbe kitu chenyewe ni jengo, na jengo halitoshi kwenye picha. Mwambie mama aanze kutazama chini, pale nguzo inapotoka sakafuni, kisha apandishe macho taratibu kuifuata. Atapandisha, atapandisha, na shingo itafika mwisho kabla nguzo haijaisha. Dari la matao la ukumbi ule wa kati liko mita 38.5 kutoka sakafuni, sawa na nyumba ya ghorofa kumi na mbili hivi, na hakuna dari la matao ya matofali duniani lililo juu kuliko hilo. Watu walilijenga kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi, kwa majukwaa ya mbao, kamba, na magurudumu ya kuvutia mizigo yaliyozungushwa kwa nguvu za watu.

Mama atauliza, na kama hakuuliza muulize wewe: kwa nini halianguki? Hapo usimpe somo, mpe mikono yake mwenyewe. Akutanishe ncha za vidole vya mikono miwili mbele ya kifua, viganja vikiwa vimeachana, kama paa la nyumba. Wewe bonyeza kwa juu kidogo. Atahisi viwiko vyake vinataka kwenda nje. Sasa mshikie viwiko kwa mikono yako, halafu abonyezwe tena: safari hii anakaza vizuri. Hiyo ndiyo Gothiki nzima, mtindo wa ujenzi wa kanisa hili. Tao la duara husukuma kuta kwa nje kwa nguvu nyingi. Tao lililochongoka hupeleka sehemu kubwa zaidi ya uzito chini, na msukumo unaobaki hudakwa na matao mengine yaliyojengwa nje ya ukuta, juu ya paa za pembeni, yakiegemeza jengo kama mikono yako inavyoshika viwiko vya mama. Zile mbavu unazoziona zikikatana darini hukusanya uzito na kuuteremsha kwenye nguzo. Ukuta ukishatuliwa mzigo, fundi ana ruhusa ya kuutoboa, ndiyo maana madirisha ni makubwa vile.

Mafundi wa Ufaransa, ambako mtindo huu ulianzia, walikuwa na mawe ya chokaa laini ya kuchonga. Kuzunguka bahari ya Baltiki hakuna machimbo ya namna hiyo. Kuna udongo mfinyanzi, na kuna mawe magumu ya matale yaliyosukumwa na barafu ya zamani na kutapakaa mashambani. Basi wakachoma matofali. Tofali halichongeki likawa malaika au jani la mzabibu. Ukitaka umbo lazima ulifinyange kabla ya kulitia tanuruni, na kila umbo ni kalibu yake. Ndiyo maana kwa nje Marienkirche haina ule msitu wa sanamu wa makanisa makuu ya Ufaransa. Uzuri wake umebebwa na urefu, mistari na vivuli. Wapo wanaoliona kavu. Mimi nalipenda kuliko mengi yenye sanamu, kwa sababu unaona kila kitu kinafanya kazi.

Nakiri pia kwamba nalipenda kwa sababu ya kwetu. Waashi wa pwani nao walijenga kwa kile bahari ilichowapa: matumbawe, chokaa ya kuchoma, na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Wakati minara ya Lübeck inapandishwa, Kilwa walikuwa wanajenga Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu kwa makuba na matao, na msafiri Ibn Battuta alipita huko mwaka 1331. Kilwa waliishi kwa dhahabu iliyotoka Sofala, Lübeck kwa chumvi na samaki aina ya heringi. Miji miwili ya wafanyabiashara wa baharini, kila mmoja ukitumia udongo na mawe yake kusema kwamba una uwezo.

Na Lübeck walikuwa na wa kumwambia. Askofu alikuwa na kanisa lake kuu upande wa kusini wa mji. Mwaka 1226 Lübeck ilipata hadhi ya mji huru chini ya Kaizari, na wafanyabiashara waliokuwa wakiutawala kupitia baraza la mji walitaka kanisa lao wenyewe, kando ya soko na ukumbi wa baraza, lililo kubwa kuliko la askofu. Walikuwa wameshaanza kanisa la mtindo wa zamani zaidi, wakaacha, wakabadilisha michoro, wakajenga hili. Minara yake miwili ina mita 125 hivi kila mmoja. Miji mingine ya Baltiki ikaliiga: ukienda Wismar, Rostock au Stralsund utaona wadogo zake.

Mama anaweza kushangaa kanisa la Kilutheri kuitwa la Maria. Mwambie lilikuwa la Kikatoliki kwa karne kadhaa. Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther yalipofika Lübeck mwaka 1531, jina likabaki na picha nyingi zikabaki. Hadi leo ni usharika hai, una wachungaji wake, una ibada, watu wanabatizwa na kuzikwa. Kwa hiyo mama haendi makumbusho. Akitaka kusali asali.

Mkishapumzika, inukeni mgeuke nyuma. Ukiwa umeelekea madhabahu, unakotaka kwenda ni nyuma yako mkono wa kulia, chini ya mnara wa kusini. Hapo kuna kizuizi cha chuma, na nyuma yake, sakafuni, kuna kengele mbili zilizovunjika.

Nataka mkae hapo kuliko mahali pengine popote. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliangusha mabomu ya moto juu ya mji mkongwe. Walikufa watu zaidi ya 300, na karibu sehemu moja ya tano ya mji mkongwe iliteketea. Moto ulikwea ndani ya minara ya Marienkirche kama ndani ya bomba la jiko. Mbao zilizobeba kengele zikaungua, na kengele zikaanguka kutoka juu hadi chini. Kubwa ilisubiwa mwaka 1668 na ina uzito wa tani zipatazo 7. Zilipogonga sakafu zilipasua mawe, nazo zikapasuka. Vita vilipokwisha waliokuwa wanalijenga upya kanisa waliamua zisiondolewe.

Mwache mama asogee karibu. Ukingo wa kengele kubwa umemeguka kama chungu kilichodondoka kutoka kichwani, lakini unene wake ni wa kiganja cha mtu, shaba ya kijani na nyeusi. Kipande kimelala juu ya kingine, na sakafu chini yake bado imevunjika. Maandishi na mapambo ya mafundi yapo bado kwenye shaba, unayafuata kwa macho mpaka yanakatika ghafla. Mara ya kwanza nilipofika nilikuwa na kundi la mafundi wenzangu waliokuwa wakiongea njia nzima. Pale hakuna aliyesema neno, na tulikaa mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.

Ukutani mahali hapo kuna msalaba wa misumari kutoka Coventry, mji wa Uingereza ambao ndege za Ujerumani ziliuchoma Novemba 1940, kanisa lake kuu likiwemo. Misumari ya mwanzo ilitolewa kwenye mabaki ya paa lililoungua, ikaunganishwa kuwa msalaba, na misalaba ya namna hiyo ikapelekwa sehemu nyingi kama ishara ya upatanisho. Mweleze mama yote mawili, Coventry kisha Lübeck, kwa mpangilio huo. Ukieleza moja bila jingine unakuwa umemdanganya.

Moto ule unaeleza pia kitu ambacho pengine kilikusumbua bila kujua. Ulitarajia giza na madirisha ya rangi, ukakuta mwanga mweupe. Vioo vya kale viliungua, na sehemu kubwa ya madirisha ya leo ni kioo cheupe. Wengine wanaona ni hasara tupu. Hasara ipo, ila mwanga ule unaonesha umbo la dari vizuri kuliko vioo vya rangi ambavyo vingeweza kulionesha, na siku ya jua la asubuhi nguzo zinang'aa.

Moto ulifanya na jambo jingine. Chokaa iliyokuwa imepakwa ukutani kwa karne nyingi ilibanduka kwa joto, na chini yake zikatokea picha za rangi za zama za kati. Furaha ilikuwa kubwa. Baada ya vita akaajiriwa bwana mmoja aitwaye Dietrich Fey kuzifufua, na mchoraji wake alikuwa Lothar Malskat. Mwaka 1951 kanisa likaadhimisha miaka 700, Kansela Konrad Adenauer akahudhuria, stempu za posta zikatolewa zikiwa na picha hizo. Mwaka uliofuata Malskat mwenyewe akajitokeza akasema: zile za juu kwenye sehemu ya madhabahu nilizichora mimi. Watu hawakumwamini, ikabidi apeleke ushahidi na kujishtaki. Wote wawili walihukumiwa kifungo, na picha za uongo zikafutwa. Ukitazama juu upande wa madhabahu utaona kuta tupu mahali pake. Katika kazi yetu kisa hiki hukitoa kwa kila kijana anayeanza. Ukuta uliopoteza picha yake uachwe na upungufu wake, kwa sababu aliyekuja kutazama anakuja akikuamini.

Sasa muziki, na hapa mama ndipo atakapochangamka. Kuanzia 1668 hadi alipofariki 1707 mpiga ogani wa kanisa hili alikuwa Dietrich Buxtehude. Mbali na ibada, alikuwa anaandaa matamasha ya jioni humu kanisani kabla ya Krismasi, yakigharamiwa na wafanyabiashara, na mtu yeyote akiruhusiwa kuingia kusikiliza. Sifa zake zilifika mbali. Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, mpiga ogani wa mji mdogo wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize. Akasafiri kilomita 400 na ushee, kwa miguu kama inavyosimuliwa, na badala ya wiki nne akakaa karibu miezi minne. Aliporudi wazee wa kanisa wakamweka kitako: ulikuwa wapi? Zaidi ya hapo wakamlalamikia kwamba sasa anapiga nyimbo za ibada kwa mapambo ya ajabu mpaka waumini wanapotea. Kijana huyo ni Johann Sebastian Bach. Mtu aliyewahi kubishana na mwalimu wa kwaya atalijua shauri hilo bila kufafanuliwa.

Ogani za kale za kanisa ziliungua 1942. Kubwa iliyowekwa baadaye, mwaka 1968, ina sauti 101. Kama mnaweza kupanga siku yenye tamasha au ibada, pangeni hivyo hata kama mtabadilisha treni. Jengo lile ni nusu ya chombo. Noti ikipigwa inapanda, inazunguka, inarudi imechelewa, na mpiga ogani mzuri huisubiri. Kama hakuna tamasha na watu ni wachache, mama akiimba beti moja kwa sauti ya chini, bila kumsumbua mtu, atausikia ukuta ukimwitikia. Nyimbo nyingi za KKKT zimetoka Ujerumani, kwa hiyo haitakuwa mara ya kwanza kuta zile kuisikia tuni hiyo, labda maneno ndiyo yatakuwa mageni.

Jaribuni kuwa upande wa kaskazini wa kanisa kabla ya saa 6 kamili mchana. Huko kuna saa kubwa ya kinajimu. Ya kale, ya karne ya 16, iliteketea pamoja na mengine, na fundi saa wa Lübeck, Paul Behrens, akatengeneza nyingine kati ya 1960 na 1967. Saa 6 sanamu ndogo hutoka na kupita mbele ya Kristo. Katika ile ya kale walikuwa watawala wa Kijerumani, katika hii ni watu wa mataifa mbalimbali ya dunia. Hapo hapo ilikuwapo picha ndefu ya mwaka 1463, kazi ya Bernt Notke: Mauti yakicheza ngoma na kila mtu, papa, kaizari, mfanyabiashara, mkulima, hadi mtoto mchanga. Nayo imetoweka, na madirisha ya rangi ya mahali hapo, ya miaka ya 1950, yameazima watu wake.

Vingine vitazameni kadiri magoti yanavyoruhusu. Birika la shaba la ubatizo ni la mwaka 1337 na lilinusurika. Sanamu ya Maria ya mwaka 1420 hivi ilivunjika usiku ule vipande kwa mamia, ikaunganishwa upya kwa uvumilivu ambao mimi mwenye kazi hiyo nausujudia. Ila msiache kumtafuta panya. Zungukeni njia inayopita nyuma ya madhabahu, kwenye picha za kuchongwa za mawe. Katika ile ya Karamu ya Mwisho, chini kabisa pembeni, kuna panya mdogo anayetafuna mmea. Jiwe lote ni la rangi ya mchanga, yeye amekuwa mweusi na anateleza kwa vidole vya watu, maana husemwa anayemgusa hupata bahati. Hadithi yenyewe ni kwamba ukutani mwa kanisa palikuwa na mwaridi, na watu waliamini mji utakuwa huru maadamu mwaridi unachanua. Siku moja ukanyauka, na walipochimba wakakuta panya amezaa kwenye mizizi. Mama akimgusa au asipomgusa, hilo ni lake na imani yake.

Mambo madogo. Treni ya mkoa kutoka Hamburg ni kama dakika 45. Kutoka stesheni ya Lübeck mtapita lango la Holstentor, lenye minara miwili minene iliyoinama, kisha daraja, kisha mji. Kwa mwendo wa mama hesabuni dakika ishirini na tano, au chukueni basi. Kanisani mgeni wa kutazama huchangia kiingilio kidogo, anayekuja ibadani hatozwi. Saa za kufungua hubadilika kwa majira na hufungwa kwa ibada za mazishi au mazoezi, hivyo angalieni siku moja kabla. Sweta ni lazima hata kiangazi: matofali yale hutunza baridi, na mtu aliyekaa robo saa bila kusogea huisikia kwenye magoti kabla ya mahali pengine.

Watu watakushauri mpande kwenye minara. Msipande. Vukeni soko mwende Kanisa la Mtakatifu Petro, dakika chache tu kutoka hapo, ambako kuna lifti inayofika kwenye roshani ya mita 50. Kutoka juu pale Marienkirche yote inakuwa mbele yenu: minara miwili, paa la kijani la shaba, na ubavuni mwake yale matao ya nje yakiwa yamejipanga. Mwoneshe mama kwa kidole, kisha mshike viwiko.